Sura ya Tisa: Mpira Wenye Uzi wa Kijani

Land Rover ya kituo cha afya cha Isangilo ilikuwa imeburutwa hadi nyuma ya ghala la pamba na kutelekezwa pale juu ya rimu zake. Sajenti Telesphori Maige aliizunguka mara ya kwanza bila kugusa kitu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Harufu ya rangi na matairi yaliyoungua ilikuwa bado haijatoka. Ilikuwepo na harufu nyingine, ambayo hakutaka kuipa jina.

Sehemu ya nyuma, machela ya chuma ilikuwa imepinda. Hapo ndipo alipofia Generosa, mke wa Ansgar fundi magari, akiwa amefungwa mikanda asidondoke njiani, uchungu umemshika na mtoto amekataa kutoka. Walikuwa wakimkimbiza hospitali ya misheni, Ushirombo. Moto ulianzia mbele. Dereva, Januari, alimvuta kwanza mama mzazi wa Generosa aliyekuwa amekaa naye mbele, kisha akarudi nyuma kufungua ile mikanda kwa mikono mitupu. Alifungua mmoja. Wa pili mikono ilikataa.

Shauri lilikuwa kama limekwisha kabla halijaanza. Injini ya gari lile ilikuwa imetengenezwa na Ansgar mwenyewe. Yeye ndiye aliyebadilisha manifoldi, kile chuma chenye matawi kinachogawa petroli na hewa kutoka kwenye kabureta kwenda kwenye silinda, na yeye ndiye aliyehamisha mipira yote ya mafuta. Siku ya pili baada ya maziko alikuja kituo cha polisi kwa miguu, akasimama mbele ya meza ya mapokezi, akasema, "Nifungeni. Nimemuua mke wangu."

Mkuu wa kituo, Inspekta Stanslaus, aliona hapo hakuna cha kupeleleza. "Kaliangalie hilo gari," alimwambia Maige, "uandike uliyoyaona, jalada liende Shinyanga."

Maige aliinua boneti kwa nguvu za mabega. Bawaba zililia. Ndani kila kitu kilikuwa na rangi moja ya majivu. Kabureta ilikuwa imeyeyuka upande mmoja ikaonekana kama mshumaa. Alianzia kwenye pampu ya mafuta. Kishikizo cha chuma kilikuwa bado kimebana kipande kidogo cha mpira, kilichosalimika kwa sababu chuma kilikikinga. Alikikwaruza kwa kucha. Mpira mweusi, mtupu, wa kawaida. Na ulielekea moja kwa moja juu ya ekzosi, bomba la moshi linalochemka kuliko vyote.

Basi ni kweli, alisema moyoni. Mtu kapitisha petroli juu ya moto.

Alikuwa karibu kufunga boneti alipoona vibanio. Vilikuwa vya bati, vimekatwa kwa mkasi na kukunjwa vizuri, vimefungwa kwa skrubu kuufuata ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kuanzia kushoto hadi kulia vilikuwa vimepangwa, tena kwa urefu mmoja, kazi ya mtu asiye na haraka. Vyote vilikuwa vitupu. Na vyote vilikuwa vimefunuliwa midomo.

Maige aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Mpira ukiungua ndani ya kibanio, kibanio hubaki kimefumba. Hivi vilikuwa vimebenuliwa kwa bisibisi. Mkwaruzo wa ncha yake ulionekana kwenye kila kimoja. Alipitisha kidole juu ya mkwaruzo, masizi yakatoka. Chini ya masizi kulikuwa na bati lililokwaruzwa.

Masizi yalikuwa juu ya mkwaruzo. Bisibisi ilitangulia, moto ukafuata.

Kibanio cha mwisho kabisa kilikuwa kwenye madigadi, bati la juu ya gurudumu, mahali ambapo moto haukufika sawasawa. Kilikuwa na meno ya bati, na meno hayo yalikuwa yameng'ang'ania kitambaa kidogo, ukubwa wa ukucha. Alikitoa kwa ncha ya kisu, akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kitambaa kigumu kilichofumwa, cheusi. Katikati yake ulipita uzi wa kijani.

* * *

Ansgar alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Chakula cha jana kilikuwa mlangoni na nzi wake.

"Nimekwisha kusema, afande."

"Umesema uliua. Hukusema mpira uliupitisha wapi."

"Kuna faida gani?"

"Nataka kuandika. Siwezi kuandika kitu nisichokijua."

Mikono mikubwa ya fundi ilikuwa imelala mapajani.

"Manifoldi ya zamani ilipasuka," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma. "Spea hakuna. Unajua hali ilivyo, hata msumari hakuna. Nikapata nyingine kwenye Land Rover iliyopinduka kule Buseresere, ya toleo jipya zaidi. Ilikaa vizuri, matundu yote yalilingana. Ila kabureta yake ilikuwa imegeukia nyuma. Bomba la zamani la mafuta halikufika."

"Ukafanyaje?"

"Njia fupi ni kukatiza juu ya ekzosi. Shubiri mbili tu."

"Ukakatiza?"

Ansgar alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Mtu hakatizi petroli juu ya ekzosi, afande."

"Basi ulipita wapi?"

Kidole cha fundi kilianza kuchora sakafuni. Kilitoka kwenye pampu, kikaenda kando mpaka kwenye madigadi, kikarudi kwa kuufuata ukuta wa chuma, kikaifikia kabureta kwa nyuma. "Huku. Mbali na moto wote. Mpira wa breki ulikuwa umepita hapo, nikausogeza chini isisuguane. Ile mipira ya maji ya kupasha joto niliiziba kabisa, huku nani anataka joto. Nikakata bati nikatengeneza vibanio. Mpira wenyewe nilipewa na watu wa ushirika, umetoka kwenye trekta bovu. Mzuri sana. Umevikwa kitambaa nje."

"Kitambaa cha namna gani?"

"Cheusi. Kina uzi wa kijani ubavuni."

Maige aligusa mfuko wa shati lake. "Sasa kwa nini unasema umeua?"

"Kwa sababu limewaka. Mimi ndiye niliyeligusa mara ya mwisho."

"Una hakika ni wewe wa mwisho?"

Kidole kilisimama sakafuni. Ansgar alifikiri, kisha akatikisa kichwa polepole. "Nani mwingine aguse, afande? Hapa Isangilo fundi ni mimi."

Nje, kwenye benchi la ukuta wa kituo, alikuwa amekaa Mama Febronia, mama mzazi wa Generosa, mkwewe Ansgar, mguu mmoja ulioungua umefungwa bandeji. Kila siku alikuja akakaa pale. Maige alipotoka alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmemwandika?"

"Bado tunaendelea."

"Mwandikeni," alisema mama yule bila kuinua uso. "Mjukuu wangu Klara ananiuliza mama yake yuko wapi. Mwandikeni aende."

* * *

Januari alikuwa amelazwa chumba cha mwisho cha kituo cha afya, mikono yote imeviringishwa shashi nyeupe, ameiinua kama mtu anayeomba. Alikuwa amedhoofika uso.

"Siku chache kabla ya moto," Maige alimwuliza, "gari lilikuwa wapi?"

"Hapo uani. Halikuwa na petroli. Tulikuwa tunangoja kibali cha mafuta, kibali hakiji."

"Na wewe ulikuwapo?"

"Nilikwenda Bukombe kwenye msiba wa kaka yangu. Niliporudi nililikuta palepale nilipoliacha. Halafu ndiyo Mama Klara akashikwa na uchungu. Padri akatoa petroli ya jenereta yake akatupa, nikaliwasha kwa mara ya kwanza."

"Hukufungua boneti?"

Dereva alifumba macho. "Nilifungua. Nikaangalia maji. Mama wa watu analia nyuma, mama yake anaita watakatifu wote. Mipira sikuitazama. Nilifunga boneti nikaondoka."

"Njiani je?"

"Nilisikia harufu ya petroli. Nikasema ni dumu la padri limemwagika mikononi." Machozi yalimshuka pembeni mwa macho, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ningesimama, afande. Ningesimama tu."

Maige alimfuta kwa ncha ya shuka. Kila aliyemwuliza katika shauri hili alikuwa tayari kujitwisha mzigo. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko kama wote wangekana.

"Kuna mtu aliyewahi kuutaka ule mpira wa mafuta aliouweka Ansgar?"

"Yupo. Otmar, yule mwenye duara, shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Alikuja hapa na pampu yake ya kutoa maji shimoni, akauona mpira, akanibembeleza nimpe. Nilimfukuza. Nilisikia kuwa nilipokuwa msibani alionekana tena hapa uani."

* * *

Walikwenda Mwakitolyo na gari la kituo cha polisi, Land Rover ya petroli kama ile iliyoungua. Koplo Masele ndiye aliyeendesha. Kwa kawaida Masele alikuwa mtu wa hadithi. Angeanza kusimulia Isangilo na angekuwa hajamaliza wanapofika Kahama. Safari hii hakusema. Maige naye hakutaka mazungumzo, akaona ni heri.

Machimbo yalikuwa ni vilima vya udongo mwekundu na mashimo yaliyoezekwa maturubali. Otmar alitoka kwenye duara lake amejaa matope hadi kichwani, na alipoulizwa habari za mpira akaonyesha pampu yake kwa hasira.

"Tazama mwenyewe! Mipira yangu ni hii." Ilikuwa ya plastiki, ile inayoonyesha maji ndani, imefungwafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. "Una uzi wa kijani hapo?"

"Ulirudi uani pale Januari hayupo."

"Nilirudi kumbembeleza tena. Nikaambiwa kaenda msibani, nikaondoka zangu. Ningetaka kuiba ningeiba siku hiyo." Alitema mate. "Unasema huo mpira ulibadilishwa, ukawekwa mwingine?"

"Ndiyo."

"Basi umekuja kwa mtu asiye. Mwizi gani anaiba halafu anaacha badala yake? Mimi ningechukua nikakimbia. Huyo aliyeweka mwingine alitaka gari libaki gari. Huyo ana huruma na magari."

Wachimbaji waliokuwa karibu walicheka. Maige hakucheka. Aliaga, akarudi garini.

Walipokuwa wameiacha Kahama nyuma, maneno ya Otmar yalikuwa bado yanamzunguka kichwani. Mtu aliyeweka mpira mwingine alikuwa nao huo mwingine. Mtu mwenye mpira mbovu mkononi ni mtu aliyeutoa kwenye gari lake. Na gari lenyewe lazima liwe la petroli. Pale Isangilo, la padri lilikuwa la dizeli. Malori ya pamba, dizeli. Pikipiki ya bwana shamba, mpira wake ni mwembamba kama utambi.

Akakumbuka jioni moja kabla ya moto. Gari la kituo lilikuwa limekufa, mpira wa mafuta umepasuka, na yeye Maige alikuwa na fununu ya mlanguzi wa dhahabu Buseresere. Alisimama mlangoni pa banda la magari akamwambia Masele: kesho asubuhi nataka gari, sitaki kusikia habari za spea. Asubuhi gari lilikuwa tayari. Alimsifu Masele mbele ya wenzake. Walikwenda Buseresere wakakuta nyumba tupu.

"Simamisha gari," alisema.

Masele alisimamisha. Hakuuliza kuna nini. Alizima injini, akaacha mikono yake juu ya usukani.

"Fungua boneti."

"Afande—"

"Fungua, Masele."

Jua lilikuwa kali na injini ilikuwa ikitoa joto kama jiko. Mpira ulipita kutoka kwenye pampu ukazunguka mara mbili bila sababu, kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko haja yake, ukafungwa kwa waya ili usiguse feni. Kitambaa cheusi. Ubavuni, kuanzia mwanzo hadi mwisho, uzi wa kijani. Karibu na kishikizo palikuwa pamechanika kidogo. Maige alitoa kile kitambaa chake mfukoni, akakiweka juu ya pengo. Kililingana.

Alibaki ameinama pale muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Nilitaka kukuambia tangu jana," Masele alisema nyuma yake.

"Sema sasa."

"Mkuu aliniambia nitafute mpira popote. Akasema kituo cha afya kina gari limelala tu. Nikaenda. Januari hayupo. Nikautoa, nikasema nitaurudisha tukipata mwingine. Ule wetu ulikuwa umepasuka nchani, nikakata kipande kibovu, nikauweka kule. Ukawa mfupi. Haukufika kwa njia aliyopita Ansgar."

"Ukaukatiza juu ya ekzosi."

"Gari halikuwa na petroli, afande! Lilikuwa limelala. Nilijua nitarudi kabla halijatembea."

"Kwa nini uliweka chochote? Ungepaacha wazi, gari lisingewaka injini. Januari angeona, angemwita Ansgar."

"Ndiyo. Nisingeweka kitu, wangemtafutia mama yule baiskeli, au mkokoteni wa ng'ombe. Labda angefika. Niliona aibu kupaacha wazi, afande. Niliona ni ustaarabu kuweka kingine."

Maige alishika ule mpira. Ulikuwa wa moto. Kielelezo cha shauri kilikuwa kiganjani mwake, na hakuweza kukichukua. Bila mpira huo wangebaki porini hapo na gari lisilotembea. Ili kuupeleka ushahidi kituoni ilimpasa aupande.

"Funga boneti," alisema. "Twende nyumbani."

* * *

Inspekta Stanslaus alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, bila kumkatiza. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mipira ya kitambaa ni mingi nchi hii."

"Kitambaa kilichochanika kinalingana, afande. Vibanio vilifunuliwa kabla ya moto. Na Masele amekubali."

"Kwako. Kwangu hajakubali kitu." Alimtazama. "Nani aliyetaka gari liwe tayari asubuhi ile?"

"Mimi."

"Nani alinisumbua na mlanguzi wake wa Buseresere?"

"Mimi, afande. Niandike na mimi. Mtuandike wote watatu."

"Telesphori." Mkuu aliteremsha sauti, karibu iwe ya upole. "Mtu amekuja hapa kwa miguu yake, akakiri. Hajapigwa, hajatishwa. Wewe unataka niwavue sare polisi watatu kwa ajili ya mtu anayetaka mwenyewe kufungwa? Ukimwachia leo, watu wa mkewe watamchoma. Wewe ndiye utakayemzika?"

"Nitawaeleza watu ukweli."

"Kawaeleze." Mkuu aliishika tena kalamu. "Kesho asubuhi mtuhumiwa anakwenda Shinyanga na jalada lake. Utamsindikiza."

Asubuhi Maige alikwenda moja kwa moja kwenye banda la magari, akainua boneti. Ulikuwepo mpira mwingine, mwembamba, mwekundu uliopauka, kama wa kumwagilia bustani. Mpira wa kitambaa haukuwepo. Masele alikuwa amejiinamia kwenye ngazi ya gari.

"Uko wapi?"

"Ameniambia niuchome." Hakuinua kichwa. "Nimeuchoma, afande. Nina watoto."

Maige alishusha boneti taratibu. Ndani ya mfuko wa shati alikuwa na kitambaa cha ukubwa wa ukucha, ambacho sasa hakikuwa na kitu cha kulingana nacho duniani.

Alikwenda mahabusu. Aliamua kumwambia Ansgar yote, ingawa hakuna aliyemtuma. Alichuchumaa mbele yake, akamweleza kuhusu vibanio, bisibisi, Buseresere, na pupa yake mwenyewe ya gari. Alimtaja Masele kwa jina. Fundi alisikiliza bila kupepesa.

"Njia uliyoipitisha ilikuwa sahihi," Maige alimaliza. "Hukumwua."

Alitegemea kilio, au ngumi. Angeipokea ngumi. Lakini Ansgar alikuwa akitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine.

"Ungeniacha, afande," alisema. "Nilikuwa nimeshajua wa kumchukia. Alikuwa mmoja, na alikuwa hapa hapa. Sasa unaniletea watu wengi hivi nitawaweka wapi?"

Maige alisimama, akatoka.

Nje, Mama Febronia alikuwa kwenye benchi lake. Maige alikaa kando yake akarudia maneno yaleyale. Yule mama alisikiliza akiwa ametazama mlango wa mahabusu.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema, mama."

"Na huo mpira utamwonyesha?"

"Haupo tena. Umechomwa."

"Na wenzako watakuunga mkono?"

"Hapana."

"Basi utakuwa unasema tu, mwanangu," alisema Febronia. Hakuwa na hasira. Alivuta khanga yake mabegani kana kwamba kuna baridi.

Walimtoa Ansgar na pingu mikononi. Masele alikuwa tayari kwenye usukani, injini inanguruma. Kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawatazamani, na Febronia aligeuza uso, lakini hakuondoka.

Ansgar alipofika mbele ya gari alisimama. Askari aliyemshika alimsukuma, hakwenda. Alikuwa ameinua pua.

"Zimeni," alisema.

"Panda bwana!"

"Zimeni gari. Linavuja."

Maige alimwonyesha Masele ishara. Injini ikazima. Hapo na wao wakaisikia harufu, nyepesi, tamu. Maige akafunua boneti. Ule mpira mwekundu ulikuwa umelalia juu ya ekzosi, na mahali ulipolalia ulikuwa umeanza kulainika. Tone moja lilikuwa limening'inia.

Inspekta Stanslaus alikuwa ametokea mlangoni, akasimama palepale.

"Nifungue mkono mmoja," Ansgar alimwambia Maige.

Maige alifungua mikono yote miwili.

Fundi aliinama ndani ya injini. Aliuchomoa mpira upande wa kabureta, akaukata palipolainika kwa kisu cha Maige, akaupima kwa macho. Ulikuwa bado unatosha, kwa shida. Aliupeleka kando hadi kwenye madigadi, akaurudisha kwa kuufuata ukuta wa chuma, mbali na joto, akaubana kwenye kabureta kwa nyuma. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuviangalia. Alipofika mahali pa kuufunga usicheze, alitazama huku na huku akitafuta cha kufungia. Waya haukuwepo.

Sauti ya kitambaa kinachochanwa ilisikika. Febronia alikuwa amechana pindo la khanga yake. Alikuja akichechemea, uso ameupeleka pembeni, akakiweka kipande juu ya madigadi, asimpe mkononi, akarudi nyuma. Ansgar alingoja mpaka amerudi, ndipo akakichukua. Alifunga mafundo mawili, akavuta kujaribu. Mpira haukucheza.

Alijifuta mikono kwenye suruali, akamwelekezea Maige vifundo vya mikono vimeungana ili afungwe tena.

"Sikufungi," Maige alisema.

"Funga, afande. Utapata matatizo bure."

Maige alifunga pingu, akapanda naye nyuma, wakakaa kwenye ubao uso kwa uso. Injini haikuwaka. Waliona kupitia kidirisha kisogo cha Masele, mkono wake uko kwenye ufunguo, haugeuzi.

Ansgar aliegemeza kichwa kwenye bati, akafumba macho.

"Washa, Koplo," alisema. "Itawaka injini tu."